Achelewe wakili, adhabu nile mimi?

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua hii ni ndefu na ukiona imezidi kata popote unapotaka ila usiguse hapo kwenye zile dakika saba maana hapo ndo penye barua yenyewe.

Mimi nauza mbao, si mfanyabiashara mkubwa. Kuna mtu alikuwa anachukua mzigo kwangu kwa mali kauli, miezi inaenda, kila gari likishusha kuna karatasi ya kupokelea mzigo, mtunza stoo wake anasaini, nakala nyeupe inabaki kwao na ya njano inarudi na dereva kwangu. Zikafika karatasi 31. Siku ya kulipa ilipofika jamaa akasema anaukumbuka mzigo mmoja tu, ule wa kwanza kabisa, hiyo mingine 30 haijui, labda nilimpelekea mtu mwingine. Basi nikatafuta wakili nikafungua kesi ya madai, na kwa karatasi nilizokuwa nazo mkononi wala sikuwa na presha, nilikuwa nalala usingizi mnono.

Mahakama ikatoa amri, kila upande ndani ya siku 45 uwasilishe orodha ya nyaraka zake pamoja na nakala zake, na atakayeshindwa hataruhusiwa kuzitumia kesi ikianza kusikilizwa. Hiyo sentensi ya mwisho mimi nilikuja kuijua baadaye sana. Wakili aliniambia tu "mzee leta karatasi zako", na siku ya nne baada ya amri nilikuwa nimeshampelekea, kwenye bahasha ya kaki, nimezipanga kwa tarehe, nimezibana na klipu, na ile moja ambayo wino ulikuwa umefifia nimeiwekea karatasi ngumu nyuma isije ikachanika. Sekretari akaipokea akaiweka juu ya kabati. Naikumbuka ile kabati maana kila nilipopita kuuliza kesi imefikia wapi nilikuwa naiona bahasha yangu palepale, nikawa najisemea moyoni hawa watu ni makini wanatunza vitu.

Siku ya 45 saa kumi jioni ndo karani akaanza kuskani. Akaskani kwa rangi, sijui kwa nini, faili likawa zito, mfumo wa mahakama ukalikataa. Akakata vipande vitatu. Kipande cha kwanza kikaingia saa 5:58 usiku, ndani yake kuna orodha, barua ya oda na karatasi ya mzigo wa kwanza. Cha pili kikaingia saa 6:03. Cha tatu saa 6:07. Sasa kwa asiyejua, kwenye hii mifumo ya kompyuta hakuna karani wa masjala wa kumwambia "nisaidie bwana nimekimbia", mfumo unapiga muhuri wa saa wenyewe na ikishapita saa sita kamili usiku hiyo ni kesho. Kwa hiyo kilichoingia kwa wakati ni ile karatasi moja ya mzigo ambao mdaiwa alishaukubali kwa mdomo wake, na zile 30 zilizokuwa roho ya kesi zikawa zimechelewa, ya mwisho kwa dakika saba.

Wakili akaniambia usijali mzee hii ni ya kawaida, tunaomba kuongezewa muda. Akaapa hati ya kiapo kwamba mtandao ulikuwa chini. Siku ya kusikiliza ombi wakili wa upande wa pili akasimama, kijana mdogo tu, akasema mheshimiwa, huo mtandao uliokuwa chini ndio huohuo uliopokea faili lao saa 5:58. Watu wakacheka. Jaji hakucheka, akamuuliza wakili wangu swali moja, amri ilikupa siku 45, hizo 44 za mwanzo ulikuwa unafanya nini? Wakili akaanza kuelezea wingi wa kazi, ofisi ina kesi nyingi, junia wake amehama. Mimi niko benchi la nyuma nataka kunyanyua mkono kama mtoto wa shule niseme mheshimiwa bahasha ilikuwa juu ya kabati tangu siku ya nne, lakini ukiwa na wakili wewe huongei, anaongea yeye.

Ombi likakataliwa. Kesi ilipokuja kusikilizwa nikasimama kizimbani kueleza mizigo 31 kwa mdomo mtupu, nikianza tu kusema "kuna karatasi aliyosaini" wale wananyanyuka kupinga. Nikashindwa, na gharama za kesi za jamaa nikaambiwa nilipe mimi.

Sasa Mhariri nisije nikaeleweka vibaya, mimi si mmoja wa wale wanaosema mahakama ziache kufuatilia muda. Kabla ya hayo yote huyo mdaiwa alinizungusha sana. Majibu yake ya maandishi yalichelewa akasamehewa, wakili wake mara anaumwa mara yuko mahakama nyingine, kila tukienda ni kutajwa tu halafu tunapangiwa tarehe nyingine, narudi nyumbani nimepoteza siku ya kazi. Nilikuwa naomba Mungu apatikane jaji mkali. Akapatikana, na ukali wake wa kwanza ukaangukia kwangu. Kwa hiyo naongea nikiwa nimekaa pande zote mbili za hili jambo, nilikaa upande wa anayecheleweshewa na nimekaa upande wa aliyechelewa, na nakwambia tarehe zisizo na adhabu ni mapambo tu, hakuna anayeziheshimu. Ninachogombana nacho mimi ni kitu kimoja, adhabu inampiga nani.

Nina mpwa wangu anasoma sheria, nilipomsimulia akaniambia mjomba wewe si wa kwanza, akaanza kunipa visa vya watu, nami nikawa navifuatilia kwenye simu usiku maana usingizi mnono ulishaondoka. Kisa cha kwanza ni cha Uingereza. Kule mwezi Aprili 2013 walikaza kanuni zao za kesi za madai, wakasema uvumilivu umezidi. Mwaka huohuo ikaja kesi ya mbunge Andrew Mitchell, aliyewahi kuwa mnadhimu mkuu wa chama tawala, alikuwa anawashtaki wachapishaji wa gazeti la The Sun kwa kumchafulia jina baada ya yale majibizano yake na polisi kwenye geti la Downing Street. Mawakili wake walitakiwa kuwasilisha makadirio ya gharama za kesi siku 7 kabla ya kikao, hawakufanya hivyo, wakaja kuyaleta kikao kikiwa mlangoni. Makadirio yenyewe yalizidi pauni 500,000. Mahakama ikasema sawa, kwa kuwa mmechelewa tutahesabu kana kwamba mmekadiria ada za mahakama peke yake, yaani hata ukishinda huwezi kudai zaidi ya hapo. Utetezi ulikuwa ofisi ndogo, kazi nyingi, watu wamepungua. Tarehe 27 Novemba 2013 Mahakama ya Rufaa ikashikilia palepale, kuzidiwa na kazi si sababu, kama umeugua au umepata ajali hapo tunaweza kuongea.

Niliposoma hapo nikajiona mimi. Junia amehama.

Lakini angalia kilichofuata, na hapa ndo penye utamu. Baada ya hukumu hiyo mawakili wa Uingereza wakageuka mbwa mwitu. Ukimpigia mwenzako simu kumwomba akuongezee siku mbili anakataa, kwa nini akubali wakati ukichelewa anashinda bila jasho? Mahakama zikajaa kesi ndani ya kesi, watu hawagombanii tena nani anamdai nani, wanagombania karatasi iliingia saa ngapi. Kuna kampuni moja makadirio yake yaliingia mahakamani dakika 45 baada ya muda, ikanyimwa msamaha. Dakika 45! Mpwa wangu akacheka akasema mjomba wewe zako saba ungekuwa umewahi.

Ikabidi Mahakama ya Rufaa ileile irudi kujisahihisha, tarehe 4 Julai 2014, kwenye uamuzi wanaouita Denton, ni kesi tatu walizisikiliza pamoja. Haikuchukua hata mwaka. Wakasema tumeeleweka vibaya, jaji akikutana na mtu aliyechelewa aende kwa hatua tatu. Kwanza aangalie kosa lina uzito gani, limevuruga nini. Pili aulize limetokeaje. Tatu aangalie mazingira yote ya kesi, asisahau kwamba kesi lazima ziende kwa ufanisi na amri lazima zitiiwe. Ile kampuni ya dakika 45 ikasamehewa. Ila kwenye hiyo kesi yenyewe ya Denton, ambako maelezo ya mashahidi 6 yaliletwa yamechelewa mno mpaka tarehe ya kusikiliza kesi ikapotea, walisema hapana, hawa hawakustahili kusamehewa. Na wale mawakili wanaorukia kosa dogo la mwenzao ili washinde bure wakaonywa kwamba mahakama inaweza kuugeuzia upande wao gharama. Mimi hapo nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni.

Ukipitisha dakika zangu saba kwenye hizo hatua utaona. Zilivuruga nini? Hakuna. Upande wa pili ulizikuta zile karatasi asubuhi palepale ambapo ungezikuta kama zingeingia saa 5:59, kesi ilikuwa haijapangiwa hata tarehe ya kuanza kusikilizwa. Hatua ya pili, zimetokeaje, hapo tunaanguka vibaya, nakubali, tena tumeongeza na uongo wa mtandao. Lakini ya tatu ingetuokoa labda. Sisemi jaji wangu alikosea sheria, hilo liko kwenye rufaa na wakubwa wataamua, nasema tu kwamba duniani kuna mahakama ilijaribu ukali wa namna hii ikaona yenyewe ulipoifikisha.

Kwetu Waswahili pia maneno tunayo tena mazuri, tatizo sijui ni nini. Katiba ya Tanzania ibara ya 107A inaziambia mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki kutendeka. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 159, nayo inasema hivyohivyo kwa maneno yake. Ukisoma hapo unasema tumepona. Halafu unaenda kwenye maamuzi, Mahakama ya Rufaa ya Tanzania imeshasema mara nyingi kwamba anayeomba kuongezewa muda lazima aelezee kila siku aliyochelewa, hata iwe moja. Na kwenye kesi ya Lyamuya Construction, ambayo kila wakili anaitaja, wakaweka vitu vya kupima, uelezee muda wote uliochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupitiliza, mwombaji aonyeshe bidii na si uzembe, au kuwe na sababu nyingine nzito kama ukiukwaji wa sheria ndani ya uamuzi wenyewe. Mpwa ananiambia katiba na hayo maamuzi hayagongani, eti "kupita kiasi" ndo neno lenyewe, kuna kiasi. Sawa. Kiasi kiko wapi ndo tunaulizana.

Na kuna wakati ukali naukubali kabisa bila kinyongo. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Kenya kwenye kesi ya uchaguzi wa rais ilikataa kiapo cha nyongeza cha upande wa Raila Odinga chenye kurasa zaidi ya 800 kilicholetwa nje ya muda. Ile kesi kikatiba lazima iamuliwe ndani ya siku 14, sasa mtu akikushushia kurasa 800 katikati ya siku 14 mwenzake atajibu lini? Hapo kuchelewa kunamuumiza mtu aliyekaa mbele yako. Hiyo naielewa hata kama ningekuwa mimi mwenye hizo kurasa (ningenuna, lakini ningeelewa).

Sasa twende kwenye jambo langu lenyewe. Kuna kesi ya Marekani mpwa alinionyesha imenikaa kichwani mpaka leo. Mtu gari lake liligongana na treni, akaishtaki kampuni ya reli mwaka 1954. Kesi ikaburuzwa miaka, mpaka ikapangwa kikao cha maandalizi tarehe 12 Oktoba 1960, saa saba mchana. Asubuhi wakili wake akapiga simu kwamba yuko mji mwingine anaandaa nyaraka za kesi nyingine, hatawahi. Mchana huohuo jaji akaifuta kesi yote. Ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1962 majaji wanne kwa watatu wakasema sawa ilivyofutwa, maana mteja ndiye aliyemchagua huyo wakili kwa hiari yake, hawezi sasa kukwepa matokeo ya alichofanya au alichoacha kufanya wakili wake. Jaji Hugo Black alikuwa kwenye wale watatu, akapinga, akaona si haki mtu kupoteza kesi yake kwa kosa la mwingine. Na wale wanne wakaongeza kwenye tanbihi huko chini kwamba kama wakili amefanya hovyo basi mteja amshtaki wakili wake.

Amshtaki wakili wake! Ndugu Mhariri, hebu tulifikirie hilo kidogo. Nimeshindwa kesi ya kwanza, nimelipa gharama za jamaa, nimemlipa wakili aliyechelewa, sasa nitafute wakili mwingine akubali kumshtaki mwenzake wanayekutana kila siku kwenye korido za mahakama, nifungue kesi mpya, yenye amri zake, yenye tarehe zake za mwisho. Halafu nani atanihakikishia huyu naye hana kabati?

Na usidhani natania. Uingereza kuna mtu alifanya hivyohivyo, aliwashtaki mawakili wake wa zamani kwa uzembe, safari hii akasema wakili sitaki, najisimamia mwenyewe. Akawa na muda maalum wa kuwafikishia hati ya madai. Siku moja kabla ya muda kuisha, Juni 2013, akaituma kwa imeili kwa mawakili wao. Hawakuwa wamekubali kupokelea kwa imeili na kanuni inataka wakubali kwanza. Wakakaa kimya mpaka muda ukaisha ndo wakamjibu, hukufikisha kihalali. Ikaenda mpaka Mahakama ya Juu, Februari 2018, majaji watatu kwa wawili wakamkatalia, wakasema kutokuwa na wakili si sababu ya kupewa kanuni nyepesi kuliko wengine. Kwa hiyo ukiwa na wakili akichelewa unaambiwa ulimchagua mwenyewe, ukimwacha ukajiwakilisha ukakosea unaambiwa ungesoma kanuni. Mwananchi wa kawaida sijui asimame wapi.

Watu watasema basi mahakama ifanye nini, ikisamehe tunarudi kwenye kuahirisha. Jamani kati ya kusamehe na kuua kesi kuna ngazi nyingi tu, na sheria zenyewe zinazo. Huko Marekani kanuni yao ya 37 kuhusu kupeana nyaraka ina orodha ndefu, jaji anaweza kuhesabu jambo fulani kuwa limethibitika, anaweza kukuzuia kutumia ushahidi, anaweza kusimamisha kesi mpaka utii, anaweza kuifuta au kutoa hukumu dhidi yako. Na wakipenda wanaua kweli, mwaka 1976 klabu moja ya hoki ilifutiwa kesi kwa kutojibu maswali ya maandishi kwa miezi 17, na hapo mimi sina huruma, miezi 17 ni dharau. Lakini kanuni hiyohiyo inasema gharama zilizosababishwa na kutotii anaweza kuambiwa alipe mhusika, au wakili wake aliyemshauri, au wote wawili. Wakili wake! Uingereza nao wana kifungu cha 51 cha sheria yao ya mahakama za juu ya 1981, kinachoruhusu mahakama kumwamuru wakili mwenyewe alipe gharama zilizopotea kwa uzembe wake. Yaani hiki kitu kipo, si ndoto yangu ya muuza mbao.

Ningeambiwa siku ile kwamba nyaraka zinapokelewa ila wakili alipe kutoka mfukoni mwake usumbufu wa upande wa pili wa siku hiyo, nakuhakikishia ile bahasha nyingine yoyote isingekaa juu ya ile kabati wiki mbili. Wakili akiumia yeye anajifunza. Nikiumia mimi yeye anajifunza nini? Aliniambia pole mzee, akaendelea na kesi nyingine siku hiyohiyo, nilimwona kwenye ubao wa matangazo jina lake liko kwenye kesi tatu.

Ila mawakili nao nisiwaonee. Wapo wateja, na nimewaona kwa macho pale ofisini, wanaambiwa leta hati wanaleta siku ya mwisho jioni, nusu zimelowa, moja iko kwa shemeji. Mwingine anaficha karatasi inayomuumiza mpaka ibainike yenyewe. Huyo akinyimwa nafasi ni haki yake, na wakili asilipe hata senti. Ndo maana naomba kitu kimoja kidogo sana kisichohitaji bunge wala bajeti. Jaji au hakimu akiletewa ombi la aliyechelewa, pamoja na maswali yake yote mazuri, aulize na hili, wakili, hizi karatasi mteja wako alikukabidhi lini? Basi. Jibu likiwa "jana" mteja abebe mzigo wake. Jibu likiwa "siku ya nne", tunajua kabati liko ofisi gani.

Nilimwambia hivyo wakili mmoja rafiki yangu akaniambia mzee hilo swali haliulizwi, mawasiliano ya wakili na mteja ni siri. Nikamjibu siri ni ya nani? Akasema ya mteja. Nikamwambia mimi ndo mteja na mimi naitoa hadharani, naitoa mpaka gazetini. Akacheka akabadilisha mada.

Kingine, mahakama siku hizi wana namba zetu za simu kwenye faili. Amri yenye adhabu ndani yake, ile ya "usipofanya hivi unapoteza hiki", kwa nini isitumwe meseji kwa mwenye kesi mwenyewe? Benki wananitumia meseji nikitoa hela kidogo kabisa. Mahakama inakaribia kunifungia mlango wa ushahidi wote na mimi sipati hata mlio kwenye simu, napata habari baadaye kwa mtu ambaye ndiye mwenye kosa, na yeye ananiambia ni ya kawaida. Kama ningepata ile meseji siku ya kwanza ningeenda kukaa pale ofisini kwake na chai yangu kwenye chupa mpaka karani askani.

Kuhusu rufaa yangu sitasema mengi maana iko mahakamani na sitaki kuonekana namfundisha mtu kazi, ndo maana pia sijataja mahakama wala ofisi ya wakili. Nina wakili mwingine sasa, dada mmoja mtulivu. Tulipewa hadi tarehe 28 kuwasilisha hoja za maandishi. Tarehe 9 nilikuwa nimeshamfuata mara mbili, mara ya pili akanambia baba zimeshaingia tangu jana, akanipa na karatasi ya uthibitisho yenye muhuri wa saa, 4:16 asubuhi. Nikaikunja nikaiweka kwenye pochi. Nikapita masjala kuhakikisha kwa macho yangu, karani akafungua kompyuta akaangalia, akaniangalia, akauliza mzee mbona mapema hivi, tarehe si bado?

Ni mimi msomaji wako wa kila siku,
Muuza mbao.